Penseli Iliyolazwa Kwanza

"Mwenye nyumba alitia kufuli kwenye bomba," Rula alisoma, "akauning'iniza ufunguo shingoni, pale pale ulipokaa mkufu wake wa harusi. Kulipokucha ufunguo haukuwepo. Mkufu ulikuwepo."

Mama Pacha alicheka kwa pua. Penseli yake ilikuwa wima kati ya vidole, ncha juu, kama meza ile ilivyotaka. Rula alikuwa ameichomeka yake nyuma ya sikio, maana msomaji mikono yake ina kazi. Wa tatu alikuwa mwenye kampuni mwenyewe, ambaye wote walimwita Nukta kwa jinsi alivyopenda kukatisha sentensi za watu. Aliegemea kiti, akitazama nje ya dirisha ukuta wa jirani, ambako maji ya paa yalikuwa yameacha mstari wa kijani. Penseli yake nayo ilikuwa wima.

Kampuni hiyo ya vitabu ilikuwa na vyumba viwili ghorofani, na desturi yake ya kuchagua vitabu waliibuni wenyewe. Bahasha zilifunguliwa na Mama Pacha peke yake. Yeye ndiye aliyesahihisha chapa, akapokea simu, akajua kila kitu kilipo. Aliuondoa ukurasa wenye jina, akautia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, kisha akaufunga mswada kwa uzi wa rangi. Tangu hapo mswada haukuwa na mwenyewe. Ulikuwa uzi mwekundu, uzi wa kijani, uzi wa bluu. Ulisomwa mezani kwa sauti. Aliyechoka kusikiliza hakusema neno, alilaza penseli. Zikilala mbili, msomaji alinyamaza papo hapo, hata katikati ya sentensi. Na aliyelaza kwanza ndiye aliyemwandikia mwandishi barua ya kumrudishia kazi yake, kwa mkono, akimweleza alipochoka na kwa nini. Nukta alisema barua hiyo humfanya mtu afikiri mara mbili kabla vidole havijalegea.

Kulikuwa na kanuni moja zaidi, aliyoipenda kuliko zote na kuisimulia popote alipopata masikio, kwenye harusi, kwenye misiba, hata kwa kinyozi. Ukimtambua mwandishi, unasema, unatoka. Unakwenda kukaa ngazini, pamoja na mabunda ya vitabu vilivyorudishwa na maduka, mpaka wenzako wamalize. Rula, aliyepanga kurasa na kuchora majalada, aliwahi kukaa huko asubuhi nzima kwa ajili ya mashairi ya mtu aliyetaka kumwoa binti yake. Mama Pacha aliwahi kutoka kwa ajili ya daktari wake wa meno, akarudi akisema afadhali hivyo, maana bado ana gego la kung'olewa.

Sasa Rula alikuwa akisoma uzi mwekundu. Ilikuwa hadithi ya nyumba ya wapangaji, ya bomba moja, na ya ufunguo ambao kila mtu alimdhania mwenzake. Katika chumba cha mwisho aliishi msichana na mdogo wake wa kiume, bila mama. Usiku mtu alipita akinyata kuelekea bombani, na msichana akasema gizani, bila kupaza sauti: "Nimekuona, na kivuli chako nimekiona."

Nukta aliacha kutazama ukuta.

Maneno hayo aliyasikia utoto wake wote, na hakuwahi kuyasikia kwa mtu mwingine. Aliambiwa hivyo mkono wake ukiwa kwenye kopo la sukari. Aliambiwa hivyo alipojaribu kuingia kwa dirisha na matope ya mpira miguuni. Aliyeyasema alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea.

Akafungua mdomo ili aseme, akaufunga. Alijiambia kwamba huenda na watu wengine husema hivyo. Rula akaendelea. Chumba cha mwisho kilikuwa na dirisha lililozibwa kwa kalenda ya zamani, na msichana alizoea kumwambia mdogo wake kwamba kwao mwezi wa tatu hauishi. Dirisha hilo Nukta alilala chini yake miaka mingi. Hapo hapakuwa tena na huenda. Ilimpasa kusukuma kiti nyuma, kusema neno moja, na kutoka. Hakutoka. Aliona haya kutoka, kwa sababu wangemuuliza ni nani, naye angejibu ni dada, yule anayepiga pasi kwenye duka la dobi. Tena ulikuwa mwaka ambao alikuwa ametamba sana kwamba kampuni yake haichapi vitabu vya shemeji wala wajomba. Basi akakaa, akijikaza usoni, akingoja ukurasa umalizike.

"Mdogo wake," Rula alisoma, "alikuwa na siri miguuni. Uani wote waliijua, na wote walimsitiri kwa kujifanya hawaioni." Akalamba kidole ili afunue.

Nukta alijua kilichokuwa upande wa pili. Viatu. Mwaka wake wa kwanza wa sekondari alikwenda shuleni na viatu vya dada yake, vya kike, vilivyokuwa na kamba ya kifungo juu ya mguu. Kamba zilikatwa kwa wembe na makovu yake yakapakwa rangi ya viatu, lakini mvua ya kwanza iliyatoa yote nje. Darasa zima lilimwita Bibi Harusi mpaka muhula ukaisha. Hakumwambia mtu. Mke wake hakujua. Na sasa Rula angeyasoma hayo kwa sauti yake ya kuigiza, mbele ya Mama Pacha, ambaye alikuwa na kumbukumbu ya tembo na ulimi wa kisu.

Nukta alilaza penseli.

Kama angeishia hapo, pengine aibu ingekuwa ndogo. Lakini Mama Pacha alimgeukia kwa mshangao, naye akahisi lazima atoe sababu. "Huyu alisimama foleni ya bomba," alisema, "ndoo ilipojaa akadhani na kitabu kimejaa."

Rula alicheka. Akamtazama Nukta, akamtazama Mama Pacha, kisha taratibu akaitoa penseli nyuma ya sikio na kuilaza. Mama Pacha akabaki na yake mkononi, kama mtu aliyeachwa na basi.

"Mna haraka ya wapi?" aliuliza. "Mimi nilitaka kujua ufunguo kauchukua nani."

Nukta alisema karatasi iliyobaki stoo inatosha kitabu kimoja tu msimu huu, na uzi wa kijani, kumbukumbu za hakimu mstaafu, ulisomwa mpaka mwisho penseli zote zikiwa wima. Haikuwa na maana kupoteza asubuhi kwa mambo ya uani.

"Mambo ya uani," Mama Pacha alirudia, kama mtu anayeonja chumvi. Akaufunga mswada kwa uzi wake mwekundu, akausukuma upande wa Nukta. "Haya. Aliyelaza kwanza ana barua."

Mchana wote Nukta alikaa na barua hiyo. Sehemu ya kwanza haikumsumbua: tumesoma kazi yako kwa makini, tumeishia mahali ambapo mdogo wa yule msichana anasemwa kuwa na siri. Kilichomshinda ni kwa nini. Aliandika kwamba wahusika ni wengi mno, akakumbuka kwamba alikuwa amewajua wote kwa sauti zao. Akakata. Akaandika kwamba lugha ni ya kawaida, akainua macho na kuona ukutani tangazo lao wenyewe, lililosema wanatafuta hadithi zilizoandikwa kwa lugha ambayo watu wanaizungumza. Akakata na hilo. Akaandika "Kwa bahati mbaya," na hapo kalamu ikagoma, maana bahati haikuwemo.

Kabla ya kwenda zake, Mama Pacha alishusha kopo, akatoa ukurasa wa jina ili Nukta ajue barua inakwenda kwa nani. Alilisoma jina kwa sauti, jina la kwanza la kawaida na la pili la mume, marehemu, ambaye Mama Pacha hakuwahi kumjua. Halikumwambia kitu. Anwani ilikuwa sanduku la posta la duka la dobi. "Mwanamke," alisema. "Nilihisi. Mwandikie vizuri basi, usimpige nukta." Akachukua mkoba wake, Rula akamfuata, na ngazi zikalia mpaka chini.

Nukta akatambua kwamba alikuwa salama. Hapakuwa na mtu wa kumshika. Angeweza kuandika mistari michache ya heshima, kuipeleka posta, na dada yake angeipokea, angeikunja, na asingeuliza. Hakuwa mtu wa kuuliza. Kuwa salama huko ndiko kulikomfanya ashindwe kukaa kitini. Alisimama, akafungua uzi mwekundu, akafunua ule ukurasa akiwa wima, sikio moja likiwa mlangoni, kama anayepekua mfuko wa mgeni.

Viatu vilikuwemo, na vilichekesha. Rangi iliyeyuka kwa mvua, soksi zikawa nyeusi, na mvulana akawaambia watu kwamba ni mtindo. Lakini aliyeandika hakumcheka mvulana. Alimtembeza uani kichwa juu, na wapangaji wote wakimpisha kama bwana mkubwa. Kisha ikaja aya fupi, Nukta akaisoma, akairudia.

"Alimwambia mdogo wake kwamba vinambana. Alikunja vidole vya miguu ndani yake ili mtoto aone jinsi visigino vinavyogoma kuingia. Mtoto akaamini, akavivaa, akaenda shule. Havikuwa vikimbana. Vilimtosha sawasawa. Jirani alipomuuliza mbona yeye haendi tena, alisema shule imemchosha."

Aliufunga mswada, akashindwa kukaza fundo, akauacha uzi unaning'inia.

Dada hakupenda shule. Hivyo ndivyo ilivyosemwa nyumbani, na hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyosema kwa watu wazima wenzake miaka yote, kwa sauti ya upole, hata ya kumtetea. Alimwambia mke wake hivyo walipochumbiana. Alimwambia Mama Pacha hivyo siku moja, walipokuwa wakizungumzia watu ambao wangefika mbali. Dada yangu, alisema, ana akili sana, ila shule hakuipenda.

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa alipofika kwa dada yake. Alimkuta kasimama mbele ya ubao wa pasi, shati la mtu likiwa limetandazwa, na kikapu cha mengine kando. Kazi ya dobi iliyozidi aliibeba nyumbani. Nukta alimwamkia, naye akaitikia bila kuinua macho, akauliza kama leo Mkurugenzi amepotea njia au ameishiwa sukari. Alimwita Mkurugenzi tangu siku ya kufungua kampuni, kwa sababu, alisema, mtu anayewaongoza watu wawili ni lazima awe na cheo kikubwa, la sivyo hawatamwona.

Akamsukumia bakuli la maji. Nukta akachovya vidole na kuanza kurashia mashati, kama alivyofanya utotoni, bila kuambiwa. Ukutani, juu ya rafu ya vikombe, vilipangwa vitabu vyote ambavyo kampuni ilikuwa imevitoa, kila kimoja kimevalishwa gazeti ili jalada lisichakae. Alikuwa ameviona mara nyingi, na mara zote vilimfurahisha. Leo alivipa kisogo.

Walizungumza habari za watoto, na za jirani aliyehamisha uzio usiku akadai uzio umetembea. Dada alisimulia kisa hicho kwa sauti zote, ya jirani, ya mke wa jirani, na ya uzio. Nukta alicheka, halafu akashangaa ni vipi mtu mzima, mwenye kazi ya kusikiliza, aliisikia sauti hiyo maisha yake yote bila kujua kwamba ni kitabu.

"Kazini bado mnalaza penseli?" dada aliuliza, akipindua kola.

"Bado."

"Na leo mmelaza?"

Hakuwa na haraka katika kuuliza. Pasi ilikwenda na kurudi. Nukta alichovya vidole kwenye maji, ingawa shati lililokuwa mbele yake lilikwisha kulowa.

"Dada," alisema, "vile viatu vilikuwa vinakubana kweli?"

Pasi ikasimama. Ilipoanza kutoa harufu, dada aliinyanyua na kuisimamisha wima. Akafuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja baada ya kingine.

"Mmesikia mpaka wapi?"

"Mpaka kabla ya viatu. Vya viatu nimesoma peke yangu, wenzangu walipoondoka."

"Mbona hamkuendelea?"

"Penseli zilikuwa zimelala."

"Aliyelaza kwanza nani?"

Nukta aliona kwamba ameshajua. Alingoja aambiwe ameonekana, yeye na kivuli chake, na angefurahi kuambiwa hivyo, kwa sababu maneno hayo siku zote yalifuatwa na kofi dogo la kisogoni na baadaye chakula. Dada hakuyasema.

"Mimi."

"Kibaya?"

"Hapana."

"Hukujua ni mimi."

Alimfungulia mlango huo wa kutokea, ukiwa wazi kabisa, na Nukta akajua kwamba akiupita hawatazungumza tena juu ya jambo hili maisha yao yote. "Nilijua," alisema. "Tangu msichana alipomkemea mtu gizani. Ilibidi nitoke. Sikutoka, na nilipoona viatu vinakuja, nikalaza." Kisha, kwa kuwa kulificha lile lingine kungekuwa kulaza mara ya pili, akamwambia na mzaha wake wa foleni na ndoo, neno kwa neno. Ulisikika mbaya zaidi katika chumba hicho kidogo kuliko ulivyosikika mezani.

Dada aliufikiria. "Wa ndoo si mbaya," alisema. "Ningeupata mimi ningeuweka."

Hakutabasamu. Alikaa kwenye kigoda, jambo ambalo hakulifanya pasi ikiwa ya moto, akaeleza kwa sauti ya mtu anayeeleza njia kwa mgeni. Aliandika jioni, juu ya ubao huo huo, upande usio na joto. Lile kemeo alijua litamchongea. Alilifuta, akalirudisha, akalifuta, akalirudisha, kwa sababu msichana yule bila kemeo hakuwa na mdomo. Hakumwambia mdogo wake kitu kwa kuwa alimsikia kwenye kila harusi akiisifu kanuni yake. Angejua, angetoka.

"Na mimi nilitaka wewe usikie," alisema. "Hao wengine wangesikia kwa kuwa wapo tu. Viatu nilivitia ili ucheke. Nilidhani umri huu utacheka."

Nukta alitazama maji kwenye bakuli. Alisema kesho atawaambia. Alisema kitabu kitachapwa, hata ikibidi karatasi ya hakimu...

"Ishia hapo," dada alimkata kauli, naye akaishia. "Kikichapwa kwa sababu umeona haya, nitakuja kukibeba mwenyewe, na hayo makaratasi. Mimi sikukuletea kitabu unifutie machozi. Waambie umevunja kanuni yako, basi. Halafu utoke, kama unavyowatoa wenzako. Kama ni kizuri au kibaya, hiyo watajua wao."

"Lakini ulitaka nisikie."

"Ndiyo. Sasa utasikia nje ya mlango, kama mpangaji." Alisimama, akajaribu joto la pasi kwa kidole kilicholowa. Shati lilikuwa limepata alama ya rangi ya chai, ndogo, upande wa ndani wa kola. Aliitazama, akalikunja shati taratibu na kuliweka peke yake, mbali na mengine. "Na vilinitosha," alisema, akichukua shati jingine. "Umeuliza, nakujibu. Nenda, watoto wanakungoja."

Asubuhi Nukta aliwahi kufika. Mama Pacha alipoingia alimkuta amekwisha kufuta meza, na uzi mwekundu umewekwa katikati, fundo bado halijakazwa. Rula alifika akipiga mluzi, akaona nyuso, mluzi ukafa. Nukta hakukaa. Aliwaambia kwamba aliyeandika ni dada yake, kwamba alimtambua mapema, akabaki mezani, na akalaza. Hakupamba. Aliongeza tu kwamba dada yake hataki huruma, na kwamba akisikia wamemhurumia atapanda ngazi hizo mwenyewe.

Nukta alitamani Mama Pacha aseme jambo kali, la kuumiza, kama kawaida yake, ili yaishe. Alichosema kilikuwa kidogo. "Nawe ndiye uliyetuwekea hiyo kanuni."

Rula alikuwa akiikwangua meza kwa kucha. Alisema hata yeye ana lake. Hakuwa amechoka jana. Alilaza kwa sababu Bosi alilaza. Aliona kama vile kubaki na penseli wima kungeonekana ukaidi. Alipomaliza kusema shingo yake ilikuwa imebadilika rangi, na Nukta akaona kwamba jana alikuwa amelaza penseli mbili, si moja, na pengine siku nyingi kabla ya jana pia. Akajaribu kukumbuka ni miswada mingapi Rula aliilazia penseli bila kumtazama kwanza. Hakukumbuka hata mmoja.

"Kuna viatu humo ndani," alisema. "Ni vyangu. Msije..."

"Usitusimulie kitabu," Mama Pacha alisema. "Tutakisoma wenyewe. Haya, njia unaijua."

Akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake, si kwa nguvu.

Hakuwahi kukaa ngazini. Aliigundua baridi ya ngazi, na kwamba mabunda yale hayakukalika vizuri kwa sababu Rula aliyapanga wima. Juu ya bunda moja kamba ilikuwa imekatika na vitabu vilichungulia, riwaya ya vita ambayo yeye aliisimamia mezani kwa nguvu zote, penseli yake ikiwa juu kama mkuki. Wengine nao waliziweka zao wima siku hiyo. Maduka yalivirudisha karibu vyote. Alikaa juu yake.

Kupitia mlango sauti ya Rula ilifika kama maji kwenye bomba la mbali, mwendo wake ukisikika, maneno hayasikiki. Walianza upya, mwanzo kabisa. Alijua kwa kicheko cha pua cha Mama Pacha, kilichokuja pale pale kwenye mkufu. Fundi saa wa ghorofa ya juu alishuka na birika lake, akamkuta pale, akamuuliza kama leo wamempindua. Nukta alisema amejitoa. Fundi saa akatikisa kichwa kwa heshima, kana kwamba ni jambo la kishujaa. Nukta akamwita kabla hajashuka zaidi. "Sikujitoa," alisema. "Jana ndiyo ilikuwa nijitoe." Fundi saa hakuelewa, akaenda zake kuchota maji.

Kisha akawa anangoja viatu. Alikadiria kwa mwendo wa sauti: sasa kemeo, sasa kalenda dirishani, sasa Rula analamba kidole. Akajikunyata. Mama Pacha alicheka, kicheko kikubwa cha kifua, na Rula naye akashindwa kusoma, akaanza upya, akashindwa tena. Nukta aliketi na vicheko hivyo. Vilikuwa vyake, hakuwa na pa kuvikimbilia. Halafu ndani kukawa kimya, mahali ambapo alijua sauti inatamka "Vilimtosha sawasawa," na kimya hicho kilikuwa kizito kuliko vicheko. Akatazama viatu vyake vya leo, vya ngozi, vya kiume, akavirudisha nyuma chini ya bunda.

Rula akaendelea, mbele ya mahali ambapo Nukta alikuwa amesoma. Sasa hakujua tena kinachosomwa. Alisikiliza kwa mwili mzima, akitafuta kwenye mwendo wa sauti kama mwenye ufunguo ameshapatikana.

Ndipo aliposikia penseli. Sauti hiyo alikuwa akiijua vizuri: mti juu ya mti, kubingirika kidogo, kisha kituo pale penye ufa wa meza. Moja. Alisimama bila kujua amesimama. Hakujua ni ya nani, na hakujua kama imelazwa au imeanguka tu mkononi mwa mtu anayecheka. Sauti ya Rula haikukatika. Nukta akabaki amesimama, mkono ukutani, akingoja ya pili, na asubuhi ikasogea hivyo, ya pili haiji.

Mlango ulipofunguliwa jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili. Mama Pacha alisimama pale, uzi mwekundu umezungushwa kwenye mkono wake ili usipotee. Nyuma yake Rula alikuwa akinywa maji, sauti imemkauka. Mama Pacha alisema wamesimama katikati. Mchana kuna chapa ya hakimu ya kusahihisha. Wataendelea kesho.

"Nimesikia penseli," Nukta alisema.

"Umesikia."

"Ilikuwa..."

"Hilo si lako kuuliza," alisema, bila ukali. Akamkabidhi karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa ile barua, yenye mistari iliyokatwa na lile "Kwa bahati mbaya" mwishoni. "Uliiacha mezani. Haijaisha. Itamalizwa au itachanwa, tutajua kesho. Mpaka hapo ni yako."

Nukta aliitia mfukoni. Alitaka kumwambia kwamba jioni atapita tena kwa dada yake kurashia mashati, na kwamba hatakuwa na jibu la kumpa. Badala yake aliuliza jambo ambalo, aligundua, alikuwa akitaka kulijua kweli.

"Ufunguo kauchukua nani?"

"Hatujafika," alisema Mama Pacha, akarudi ndani.

Nukta aliinama, akaifunga upya kamba iliyokatika. Akalaza mabunda mawili ubavu, moja juu ya jingine, akayasogeza ukutani yasizibe njia, karibu na mlango kadiri ilivyowezekana. Akayakalia kidogo, kuyapima. Kwa kesho yangetosha. Kisha akaingia ndani kusahihisha chapa ya hakimu.